Mawe na Masizi

Baba yangu ameandika mabango mjini Tanga kwa zaidi ya miaka thelathini: maduka ya vitambaa, vinyozi, gereji, ofisi za chama, majina ya mashua za wavuvi. Nimekulia ndani ya harufu ya tina na rangi ya mafuta. Kabla hajanifundisha kuchora herufi hata moja, alinifundisha jambo moja ambalo aliendelea kulirudia mpaka nikalichoka: usitazame rangi, tazama kinachoishika. Rangi ya maji ukiipaka juu ya rangi ya mafuta, leo inapendeza na mwenye duka anakulipa, lakini masika ya kwanza tu inabanduka kama gamba la kidonda. Rangi mbili zinazoshikwa na vitu viwili tofauti, alisema, ni majirani wasiosalimiana.

Maneno hayo yalinirudia Septemba 2018 huko Kyoto, nilikokuwa nikisomea uhandisi wa maji, nikiwa nimesimama mbele ya bahari iliyochorwa juu ya milango.

Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kisasa ya Kyoto yalikuwa na maonyesho makubwa ya mchoraji Higashiyama Kaii, kuadhimisha miaka 110 tangu kuzaliwa kwake. Niliingia kwa sababu nje mvua ilikuwa inanyesha na nilikuwa na saa mbili za kupoteza. Nilipita picha za misitu, maziwa na farasi mweupe, nikafika sehemu ambapo walikuwa wamejenga kama nyumba ndani ya nyumba. Walikuwa wameleta milango ya hekalu la Toshodaiji la mjini Nara, ile inayoitwa fusuma, ya fremu za mbao na karatasi, inayosukumwa pembeni badala ya kufunguliwa. Jengo lake lilikuwa kwenye ukarabati, kwa hiyo milango yote 68 ilikuwa safarini. Ilipangwa kama inavyokaa kwao, chumba baada ya chumba.

Chumba cha kwanza ni bahari. Milango kumi na sita, mfululizo, na maji yanatembea kutoka mlango hadi mlango, yanapanda juu ya miamba, yanashuka, yananyooka kwenda kulala ufukweni. Rangi yake si buluu wala si kijani. Anayeifahamu bahari ya Ras Kazone saa mbili asubuhi, maji yakiwa yanajaa, anaifahamu. Nikasogea karibu kadiri mlinzi alivyoruhusu, nikainama nitazame ubavuni jinsi baba anavyotazama bango la mtu mwingine, kuona ni mikono mingapi imepakwa. Haikuwa laini. Ilikuwa na chembechembe, kama mchanga uliochekechwa vizuri, na kila chembe ilikuwa inashika mwanga kivyake.

Kinachofuata ni mlima wenye ukungu, kwa rangi zile zile. Kisha unapinda kona na rangi zinakwisha. Hakuna buluu, hakuna kijani. Ni wino mweusi na maji tu, juu ya milango mingine arobaini na miwili: mierebi ya Yangzhou ikiyumba, mawingu ya alfajiri kwenye milima ya Huangshan, vilima vya Guilin chini ya mwezi. Japani imebaki nyuma yako, umeingia China. Mchoraji ni yule yule.

Nilitoka mle mvua ikiwa imekwisha zamani.

*

Ili kuelewa kwa nini nyumba moja ichorwe kwa namna mbili, ni lazima kumjua mwenye nyumba. Wachina wanamwita Jianzhen, Wajapani wanamwita Ganjin. Alizaliwa Yangzhou mwaka 688, akawa mtawa wa Kibuddha aliyesifika kwa kuzijua kanuni za utawa. Mwaka 742 watawa wawili kutoka Japani walimfuata wakamwomba awapatie mtu wa kwenda kufundisha kanuni hizo kwao. Inasimuliwa kwamba aliwauliza wanafunzi wake nani atakwenda, nao wakanyamaza, kwa sababu bahari ile ilikuwa inaua watu. Akasema atakwenda mwenyewe.

Alijaribu mara tano, akashindwa mara tano. Kuna mara alizuiwa na wakubwa wa serikali, kuna mara alizuiwa na dhoruba. Safari ya tano, mwaka 748, upepo ulikisukuma chombo mpaka kisiwa cha Hainan, kusini kabisa, upande usio wake. Katika safari ndefu ya kurudi kutoka huko alipoteza macho. Mara ya sita, mwishoni mwa mwaka 753, alitia mguu kwenye ghuba ya Akime, kusini mwa kisiwa cha Kyushu. Alikuwa na miaka sitini na mitano. Mwaka 759 alianzisha Toshodaiji, na mwaka 763 akafia humo. Ipo sanamu yake, iliyotengenezwa enzi hizo kwa kitambaa na utomvu wa mti wa lakeri, tabaka juu ya tabaka: mzee amekaa, mikono mapajani, macho yamefumba. Ile nyumba ya milango 68 ni nyumba ya sanamu hiyo.

Kwa hiyo mtu huyu aliishi Japani miaka kumi na hakuiona hata siku moja. Aliisikia. Aliinusa. Na China aliyoiona kwa macho yake hakuirudia tena.

Hekalu lilimwomba Higashiyama achore nyumba hiyo, naye mwaka 1971 akakubali. Kazi ilimchukua miaka kumi hivi. Uamuzi wake wa kwanza ndio ninaouheshimu kuliko mengine yote: milima na bahari ya Japani, ambayo mzee hakuiona, aichore kwa rangi, na nchi ya mzee, aliyoiacha nyuma, aichore kwa namna ya huko, kwa wino. Tatizo ni kwamba Higashiyama alikuwa mtu wa rangi. Jina lake nchini kwao lilikuwa linaenda pamoja na buluu. Wino haukuwa kazi yake. Alikuwa amepita miaka sitini, ana heshima zote, picha yake kubwa ya mawimbi ya alfajiri imo katika Kasri ya Mfalme mjini Tokyo tangu 1968, na sasa ilimbidi akae chini kama mwanafunzi.

Nadhani ujasiri huo ulikuwa na mizizi. Alizaliwa Yokohama mwaka 1908, akakulia Kobe, akasoma chuo cha sanaa Tokyo, kisha Berlin. Vita vilipofika ukingoni mwaka 1945, akiwa mtu mzima wa miaka thelathini na saba, aliitwa jeshini Kumamoto na kufanyishwa mazoezi ya kukimbilia vifaru akiwa na bomu mkononi. Siku moja alipelekwa na wenzake kwenye magofu ya ngome ya Kumamoto, akatazama bonde na milima ya mbali, na akaona mandhari kwa namna ambayo hakuwahi kuiona, kwa kuwa alijua anakufa. Hakufa. Lakini mama yake alifariki mwaka huo, na mdogo wake mwaka uliofuata. Baba yake alikuwa ametangulia. Picha aliyoifanya mwaka 1950 na kuiita "Njia" haina kitu zaidi ya njia ya udongo kati ya majani, inapanda, inapinda, inapotea. Mtu aliyepoteza wazazi na ndugu namna hiyo hana cha kuogopa katika kuanza upya.

*

Baada ya maonyesho yale nilijiandikisha darasa la jioni la nihonga, uchoraji wa Kijapani wa jadi, lililokuwa likifanyika kila Alhamisi kwenye ukumbi wa mtaa. Sensei wetu alikuwa mama wa makamo mwenye vidole vyenye madoa ya kijani yasiyotoka.

Jioni ya kwanza hatukugusa brashi. Alitupa chupa ndogo za unga. Buluu ni jiwe la azuriti lililosagwa, kijani ni malakiti, lile jiwe lenye mawimbi ya kijani ambalo kule Katanga wanachonga vinyago na vipande vya sataranji na kuwauzia wageni. Yote mawili ni mawe ya shaba. Kila chupa ina namba: namba ndogo kama tano ni chembe kubwa, namba kubwa kama kumi na tatu ni unga mwembamba, na baada ya hapo kuna unga mwembamba zaidi wanaouita "mweupe." Nilishangaa kuona jiwe lile lile, likisagwa zaidi, linapauka. Chembe kubwa ni buluu ya usiku, chembe ndogo ni buluu ya anga la mchana. Huchanganyi nyeupe kupata rangi nyepesi, unasaga. Na ukitaka rangi ya giza, unalichoma: azuriti ikiwekwa juu ya moto kwenye kikaango inaanza kuingia weusi, nawe unaamua wapi pa kuitoa.

Nyeupe yenyewe inatokana na maganda ya chaza yaliyoachwa nje miaka mingi, yakapigwa na jua na mvua mpaka yakalegea, ndipo yasagwe. Unaikanda na gundi kama unga wa chapati, unaiviringisha, kisha unaibamiza kwenye sahani mara mia moja. Sensei alituhesabia kwa sauti.

Na gundi. Hapa ndipo nilipomkumbuka baba. Mawe hayo hayashiki karatasi yenyewe. Yanashikwa na nikawa, gundi inayochemshwa kutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, inauzwa ikiwa vijiti vikavu vya rangi ya asali. Unailoweka usiku kucha, unaiyeyusha taratibu juu ya maji ya moto, na ole wako ichemke, kwa sababu ikichemka nguvu inakwisha. Ikikaa siku kadhaa kwenye joto inaoza na kunuka kama supu iliyochacha. Unachanganya unga na gundi kwa kidole cha kati, ndani ya sahani nyeupe, ukisikiliza kwa ncha ya kidole. Gundi ikipungua, rangi inapukutika. Ikizidi, karatasi inajikunja na rangi inapasuka. Kipimo kinabadilika na chembe, na majira, na unyevu. Niliharibu karatasi tatu kabla sijapata ua moja lisilopukutika.

Wakati huo huo, kwenye hosteli, nilikuwa na rafiki kutoka mkoa wa Anhui, China, nyumbani kwa Huangshan. Nilipomwonyesha kitabu cha maonyesho alicheka kwa furaha alipouona mlima wao, akaenda chumbani kwake akarudi na kijiwe cheusi, kijiti cha wino na karatasi. Anhui ndiyo nchi ya vitu hivyo. Karatasi ya xuan inatoka wilaya ya Jing, inatengenezwa kwa maganda ya mti mmoja wa huko pamoja na mabua ya mpunga, na wino wa Huizhou unatoka chini ya milima ile ile.

Akanifundisha kusaga. Matone machache ya maji juu ya jiwe, kijiti kikiwa wima, unazungusha polepole bila kukandamiza. Ukiwa na haraka wino unakuwa na chenga. Akaniambia nichore mstari mmoja tu, mlalo. Nikaweka brashi. Kufumba na kufumbua karatasi ilikuwa imeunywa wino, doa limetanuka kama tone la mafuta kwenye shuka. Akasema karatasi mbichi ya xuan haikusubiri. Palipogusa brashi pamegusa; hurudii, hufuti, hupaki juu. Nihonga ilikuwa inanipa Alhamisi baada ya Alhamisi, tabaka juu ya tabaka, karatasi ikiwa imepakwa kwanza shabu na gundi ili isinywe. Huku nilikuwa na pumzi moja.

Nikamuuliza kile kijiti kimetengenezwa kwa nini. Masizi, akasema. Masizi ya msonobari, au masizi ya mafuta yaliyochomwa. Na kinachoyashika?

Gundi ya ngozi.

Sijui kama niliwahi kufurahi hivyo kwa jambo dogo. Nikakimbia kuchukua simu, nikampigia baba Tanga, nikisahau kwamba kwao ni saa sita tofauti. Nikamwambia: mawe ya Wajapani na masizi ya Wachina vinashikwa na kitu kimoja. Akakaa kimya kidogo, kisha akauliza, "Gundi ya ng'ombe?" Nikamwambia ndiyo, shikamoo, gundi ya ng'ombe. Akasema, "Marahaba mwanangu. Basi hizo zitakaa."

*

Tangu siku ile siwezi tena kusema "mbinu za Kichina" na "mbinu za Kijapani" kana kwamba ni vyungu viwili vilivyopikwa majiko mawili.

Rangi za mawe nazo zilitoka China. Mapango ya Dunhuang yamejaa rangi hizo. Mwaka 1113 kijana wa miaka kumi na minane, Wang Ximeng, alichora juu ya hariri mito na milima kwa buluu na kijani cha mawe, kitambaa kimoja chenye urefu wa karibu mita kumi na mbili. Kiko Beijing, na buluu yake bado inawaka. Lakini polepole wasomi wa China walianza kuona rangi kuwa ni kazi ya mafundi, na wino kuwa ni kazi ya moyo wa msomi. Wino ukapanda, mawe yakashuka. Japani ilipokea vyote viwili, ikavitunza vyote viwili. Mtawa Sesshu alivuka kwenda China mwaka 1467 na kurudi 1469, akawa bingwa wa wino ambaye Wajapani wanamheshimu mpaka leo. Mji wa Nara, penye ile nyumba ya Ganjin, ndio unaotengeneza sehemu kubwa ya wino wa Japani. Na neno lenyewe "nihonga," uchoraji wa Kijapani, ni la juzi tu: lilienea miaka ya 1880, pale walipohitaji jina la kutofautisha uchoraji wao na wa Ulaya uliokuwa unaingia kwa kasi. Kabla ya hapo hapakuwa na haja ya kuuita wa Kijapani.

Kisha mambo yakageuka, na hapa ndipo hadithi inaponigusa zaidi, kwa kuwa mara hii Wachina ndio walivuka kwenda kujifunza. Gao Jianfu wa Guangdong alikwenda Tokyo mwanzoni mwa karne ya 20. Huko akakuta wachoraji kama Yokoyama Taikan na Hishida Shunso wameacha mstari wa wino na kujaza picha ukungu wa rangi, mpaka wakosoaji wakawaita wachoraji wa ukungu kwa kuwakebehi. Gao alirudi nyumbani na ukungu ule, yeye na ndugu yake Gao Qifeng na mwenzao Chen Shuren, wakaanzisha kile kinachoitwa leo skuli ya Lingnan, yaani kundi la wachoraji wa mtindo mmoja. Gao alichora ndege za vita zikipita juu ya mandhari ya kale yenye mvua. Walilaumiwa sana. Waliambiwa wanawaiga Wajapani, na miaka Japani ilipokuwa inaivamia China, lawama hiyo haikuwa ya sanaa tu. Lakini mwalimu wa Gao wa utotoni, Ju Lian, ambaye hakuwa na habari za Tokyo, alikuwa tayari na mtindo wa kudondosha maji au unga ndani ya rangi mbichi ili itawanyike yenyewe, jambo ambalo wachoraji wa Kyoto walikuwa wakilifanya kwa karne kadhaa. Gao alikwenda mbali kukuta kitu ambacho nusu yake alikiacha nyumbani.

Na Fu Baoshi. Huyu ningependa baba angemjua. Alizaliwa Nanchang mwaka 1904, mtoto wa fundi wa kutengeneza miavuli, akajifunza mwenyewe kuchonga mihuri. Miaka ya 1930 alipata nafasi ya kwenda Japani, akasoma chini ya Kinbara Seigo, mwanazuoni wa historia ya sanaa ambaye vitabu vyake alivitafsiri kwa Kichina. Fikiria: Mchina anakwenda Japani kusoma historia ya uchoraji wa China. Alirudi 1935. Vita vilipokuja alikimbilia Chongqing, na huko, katika kijiji cha Jingangpo, ndipo mkono wake ulipofunguka. Aliichakaza brashi mpaka manyoya yakatawanyika, akaiburuta juu ya karatasi ngumu ya maganda ya mti, akapata miamba na mvua ambavyo wachoraji wa wino kabla yake hawakuwa navyo. Chini ya mikwaruzo hiyo kuna maji mapana ya rangi, yale aliyoyaona Tokyo. Nchi ilikuwa vitani na wenye nchi aliyojifunza kwao, naye hakukitupa alichojifunza. Mwaka 1959 yeye na Guan Shanyue, mwanafunzi wa Gao Jianfu, ndio waliochora picha kubwa ya milima na jua katika Ukumbi Mkuu wa Watu mjini Beijing.

*

Turudi kwenye milango. Bahari na mlima wa rangi vilikabidhiwa hekaluni mwaka 1975. Mwaka uliofuata Higashiyama akaanza kwenda China, akarudia 1977 na 1978: Yangzhou, Guilin, Huangshan. Alichora michoro midogo mingi, kisha akarudi studioni kujifunza wino, mzee wa karibu miaka sabini. Milango ya China ilikamilika 1980.

Rafiki yangu wa Anhui aliitazama Huangshan ile kwa muda mrefu kitabuni, kisha akasema kwa upole kwamba haina mfupa. Alimaanisha kitu mahususi. Katika uchoraji wa China mstari wa brashi ndio mfupa: jiwe linajengwa kwa mikwaruzo yenye majina, na mjuzi anasoma mkwaruzo kama unavyosoma mwandiko wa mtu. Higashiyama hana mikwaruzo hiyo. Mlima wake unatokea ndani ya mawingu kwa vivuli, giza juu ya giza, kama mtu anayejenga rangi tabaka kwa tabaka isipokuwa rangi haipo. Rafiki yangu alisema: huyu anachora wino kama mtu anayefikiri kwa buluu.

Kwanza nilitaka kumtetea. Baadaye niliona amesema kweli, na kwamba ukweli huo ndio uzuri wenyewe. Kama Higashiyama angejaribu kuiga mikwaruzo ya mabingwa wa China, tungepata China ya kuazima. Alichofanya ni kuchukua wino wao na kuutumia kwa mkono uliozoea mawe. Kwenye mierebi ya Yangzhou, milango ishirini na sita, upepo unapita kwenye matawi na huoni hata mahali brashi ilipoanza. Mchina hangeichora hivyo. Mjapani wa nihonga naye hangekubali kuacha rangi zote mezani. Nimeona wachoraji wengine, na siwataji, wanaotaka kuchanganya mila mbili kwa kuweka karatasi ya dhahabu hapa, maandishi ya wino pale, ua la mawe pembeni, na kila kitu kinapiga kelele kwa wakati mmoja. Yeye alitenga vyumba. Ukitembea kutoka bahari kwenda mierebi, ni miguu yako inayochanganya.

Wapo wanaoendeleza kazi hiyo leo. Senju Hiroshi, aliyezaliwa 1958, anamimina rangi ya mawe na nikawa kutoka juu ya karatasi ya mforosadi na kuiacha iteremke yenyewe, mpaka inakuwa maporomoko ya maji. Alitunukiwa kwenye maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice mwaka 1995, na miaka ya karibuni amechora milango ya hekalu kuu la Koyasan, mlima ulioanzishwa na Kukai, mtawa mwingine aliyevuka kwenda China na kurudi. Naipenda kazi yake kwa sababu ndani yake kuna rangi ya tabaka na kuna pumzi moja isiyorudiwa, vyote katika mmimino mmoja. Lakini moyo wangu uko kwenye ile nyumba ya Nara.

*

Kitabu cha maonyesho kiko Tanga sasa, kwenye meza ya baba, kati ya makopo. Macho yake yameanza kufifia na mabango anayaandika mdogo wangu. Kitabu hukifungua asubuhi, mwanga ukiwa mzuri, akakisogeza karibu na uso. Bahari anaipenda. Alihesabu mikono ya rangi kwa kidole, akasema si chini ya kumi, na kwamba aliyefanya hivi hakuwa analipwa kwa siku. Kwenye mierebi alikaa zaidi. Akaniuliza kisichopata kuulizwa na mtu yeyote pale makumbusho: "Huyu mzee haoni. Wamemchorea nyumba nzima ya nini?"

Nikamweleza kuhusu mwaka 1980. Mwaka ule ule milango ya wino ilipokamilika, sanamu ya Ganjin ilipelekwa China, ikafika Yangzhou, watu wakapanga foleni kuitazama. Alikuwa amerudi kwao baada ya zaidi ya miaka elfu moja na mia mbili. Kisha akarejeshwa Nara, na chumba anachokaa ndicho chenye mierebi ya Yangzhou, pande zote.

Kuna picha moja ya mwisho, ambayo Higashiyama aliifanya mwaka 1981, baada ya yote. Iko ndani ya kabati la sanamu lenyewe. Humo wino hakuutumia. Alirudi kwenye mawe yake, buluu na kijani. Amechora ghuba ya Akime, pale mahali mzee alipotia mguu Japani kwa mara ya kwanza, macho yakiwa yamekwisha.

Kabati hilo hufunguliwa siku chache tu kila Juni, wakati wa kumbukumbu ya kifo chake. Mwaka mzima uliobaki limefungwa, hakuna mwanga, na mzee yumo ndani na ghuba yake.

Baba alikigeuza kitabu, akatafuta ukurasa ule. Alipoupata aliuinamia mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi.